Sufuria Zilizofungwa Matambara

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Sufuria zilipigwa kutoka juu ya kilima, zikashuka nyumba kwa nyumba, kabla hajaonekana hata mtu mmoja. Godelive aliacha maharage kwenye ungo, akakamata sufuria yake na mwiko, akatoka. Butembo nzima inaijua desturi hiyo: hatari ikiingia, piga, ukisikia, itikia.

Lakini asubuhi hiyo hatari waliyoifuata ilikuwa mlango wa Ézéchias na mkewe Mariette, wakimbizi kutoka Ruwenzori, kule Beni. Binti yao Sagesse, wa miaka saba, alitumwa chumvi jioni ya Jumapili, asirudi. Alfajiri wachota maji walimkuta kando ya mto, amenyongwa. Aliyemnyonga hakujulikana. Ila mtaa ulikwisha kukata kesi: mzazi aliyepotelewa na mtoto asipige sufuria, huyo anajua mtoto alipo.

Godelive naye aliamini hivyo. Ukuta mmoja tu uliwatenga, na usiku ule hakusikia hata kijiko.

"Hamutazika mutoto hapa!" alifoka Cyrille, mkubwa wa vijana wa mtaa. "Mumubebe, murudi naye kwenu Beni!"

"Kwa njia gani, kaka?" Ézéchias aliuliza. "Ile yenye banachinjia batu?"

 Cyrille alijitosa jikoni mwao, akatoka na sufuria mbili, kila moja imeviringishwa matambara, kifuniko kimekazwa kwa kamba.

"Muone! Sufuria gani inavalishwa nguo? Ni bulozi hii!"

Mawe yakaokotwa. Cyrille naye alizihamishia sufuria mkono wa kulia, akaokota lake.

Mariette alikuwa ameketi chini, kando ya mwili uliofunikwa kitenge. Akainuka polepole.

"Kule Beni, jirani yetu Eliezer alipigaka sufuria," alisema. "Alipiga wa kwanza. Wauaji bakafuata sauti, bakaanza na nyumba yake. Siye tulikuwa ndani ya shamba ya kakao, nimeziba Sagesse kinywa na mukono. Tukakimbia na sufuria zimefungwa, ili zisilie. Mpaka leo sijazifungua. Ile Jumapili tulimutafuta na miguu, bila sauti, mpaka asubuhi. Nilizania nikipiga, mwenye amemushika atamuua mbio."

Akainama, akakinyoosha kile kitenge.

"Akamuua tu."

 Godelive angependa kusema kilichompanda ni huruma, lakini ilikuwa hasira, na ilikuwa kali kama pilipili kichaa.

"Cyrille! Sufuria zilipolia kwa jirani yetu Joyeuse, wezi banavunja mulango yake, weye ulikuwa wapi?"

"Nilipiga, Mama Godelive. Batu bote balisikia."

"Ulipiga ndani! Mulango na kufuli, weye chini ya kitanda na sufuria ya bibi yako! Siye bote tulipiga ndani. Joyeuse aliibiwa huku muziki inapigwa!"

Mmoja alicheka, akakatisha kicheko.

"Hawa balinyamaza, lakini balitoka," Godelive aliendelea. " Siye tunapiga, hakuna mwenye anatoka. Basi nani alimutupa huyu mutoto?"

"Sasa nani alimuua? Sema!" alidai Cyrille.

"Sijue. Na weye hujue. Pengine ni mutu mwenye anapiga sufuria hapa pamoja na siye."

 Kila mtu akatazama mikono ya jirani yake. Godelive naye aliitazama mikono mipana ya Ézéchias, akajiuliza. Hakuna aliyejua. Hata polisi hawakuwa wamekuja kuuliza. Lakini tangu lini kutojua kukawa jiwe la kumpiga mtu?

Cyrille aliziweka zile sufuria chini. Jiwe la mkono wa kushoto hakuliweka.

Godelive akavuka kizingiti, akasimama ubavuni mwa Mariette, akageuka kuutazama umati.

"Mama Sagesse," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "kesho tutamuzika hapa, Butembo. Nitatangulia mbele ya sanduku, nikipiga sufuria yangu njia nzima. Mwenye ataokota jiwe, aanze na miye. Na tukitoka makaburi, nitaenda kupiga kwa mulango ya polisi, kila asubuhi, mpaka batafute mwenye alifanya ile. Inje, mama. Si ndani tena. Nitapiga inje."