Usiifikishe Tisini na Sita

Mtu akiingia bandani kwangu akaanza na "fundi, kompyuta yangu haina shida kubwa," huwa namtoa mbio. Kama haina shida kubwa, umeileta ya nini? Basi asubuhi ile ya Januari, mwaka elfu mbili, Jovita aliingia amejifunga kanga mbili, viatu vimejaa vumbi la Kagoma, akaanza hivyo hivyo. Nikamkata.

"Shida yake nini? Sema kwa kifupi, nina kazi."

"Waitu fundi," akanibembeleza kwa Kihaya, "Mama Ephrasia hali chakula."

Nikaweka bisibisi chini. "Dada, hapa wanatengeneza kompyuta. Hospitali iko kule."

"Si ndiyo nakwambia? Kompyuta imeacha kumwuliza."

Nilitaka kucheka, halafu lile jina likaniingia. Ephrasia wa Kagoma, kule Muleba, ni mama yake Gamaliel. Mimi na Gamaliel tulikuwa mafundi wawili wa Hemant, enzi zile Hemant bado ana duka la mashine za kuchapa hapa Bukoba mjini. Tulikaa meza moja, tukagombania taa moja, tukatukanana kila siku ya Mungu. Ugonjwa ule wa Ukimwi, ambao mwanzoni watu walikuwa wakiuita Juliana kama vile ni jina la shangazi, ulimchukua mwaka tisini na sita. Hemant naye akafunga duka akawafuata nduguze Dar es Salaam. Nikabaki mimi, na hili banda hapa mtaa wa Bakoba, na mdomo wangu.

Na ile programu niliikumbuka. Ningeisahauje? Niliiona inaandikwa.

Mama Ephrasia alikuwa na watoto wanne. Baba yao aliondoka na mgambo wakati wa vita, mwaka sabini na tisa, akasema anarudi kuvuna kahawa. Hakurudi. Kisha miaka ya themanini ikaja na mambo yake, akazika mmoja, akazika wa pili, akazika wa tatu, wote humo humo kibanjani, katikati ya migomba. Akabaki na Gamaliel, na Gamaliel yuko Bukoba kazini. Hapo mama akaacha kupika. Siyo kwamba hakuwa na chakula, migomba ilikuwa imejaa. Alisema hajui kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Alifundishwa kumenya mkungu, kufunika sungu, kile chungu kikubwa, kwa majani, ili watu wale. Sasa ndizi mbili zinapikwaje?

Gamaliel akamtafutia kazi. Akachukua kompyuta kuukuu ambayo Hemant alitaka kuitupa, akaifufua, akampelekea Kagoma pale sokoni, akamfundisha kuchapa. Mama alikuwa amewahi kuwa mwalimu, kwa hiyo hakusumbua. Akawa anawachapia watu barua, matangazo ya harusi, na zaidi sana matangazo ya misiba. Halafu Gamaliel akaniita siku moja anionyeshe kitu. Kwenye skrini kumeandikwa: SHIKAMOO MAMA. LEO NI JUMATATU TAREHE 8. UMEKULA? N kwa ndiyo, H kwa hapana. Ukibonyeza N, inakuambia VIZURI, TUFANYE KAZI, inafungua pa kuchapia. Ukibonyeza H, inaandika BASI NENDA KALE. NAKUSUBIRI. Na inagoma katakata.

"We chizi," nilimwambia. "Si atabonyeza N tu?"

"Mama yangu?" akasema. "Mama yangu hadanganyi."

Nikamcheka wiki nzima. Kumbe alikuwa sawa. Jovita, ambaye kibanja chake kimepakana na cha mama, akaniambia kwamba miaka yote hii, hata baada ya Gamaliel kuzikwa, mama alikuwa anaamka, anapika, anakula, ndipo anakwenda sokoni kuijibu ile mashine. Kisha Desemba wakaja vijana wawili wa mradi fulani, na fulana zao na disketi zao. Wakasema mwaka elfu mbili unakuja, kompyuta zote zitachanganyikiwa, lazima ziwekwe mfumo mpya. Wakaweka. Wakaondoka. Tangu siku hiyo mashine inajikongoja kama mgonjwa, na programu ya Gamaliel haifunguki.

"Tangu lini hajala?" nikauliza.

"Anaonja. Namletea, anaonja kijiko, ananiambia asante mwanangu, anakirudisha chungu kimejaa. Fundi, nguo zinamvuka. Tutamzika Februari."

Nikafunga banda. Mteja mmoja mwenye printa alikuja akanikuta nafunga, akalalamika, nikamwambia aende akalalamikie mbele.

Kabla ya kupanda gari la Muleba nilipitia nyumbani kwangu Kibeta kuchukua disketi za zamani, zile nilizopewa na Hemant ndani ya kopo la biskuti. Nyumba ile sipendi kuingia mchana. Usiku ukiingia unalala, yamekwisha. Mchana unaona vitu. Unaona meko ambayo Alistidia, mke wangu, aliyasiriba kwa mkono wake, na hayajawashwa tangu nimzike. Mimi naishi kwa chai na mkate. Sitaki kuonewa huruma, nasema tu ilivyo.

Mama Ephrasia nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyowashwa, mikono mapajani, hachapi kitu. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Nikapiga goti kumsalimu, akanishika kichwa.

"Mutembei. Umenenepa?"

"Aa, mama, na wewe!"

"Umekula?"

"Nimekula, mama," nikasema. Nilikuwa nimekunywa chai.

Nikavuta kiti, nikaanza kazi, na hapo hasira zikanipanda sawasawa. Jamani! Wale vijana walikuwa wamepakia mfumo wa kompyuta mpya kwenye kimashine kidogo cha zamani. Memori yote imeliwa na mapambo, vidirisha, vipicha, mishale. Ukiita programu ya Gamaliel, inajibiwa hakuna nafasi, inafungwa. Nikawa natukana chinichini, na mama akawa ananikoholea kila neno likizidi. Nikaung'oa ule mfumo wote. Nikarudisha ule wa zamani, disketi moja baada ya nyingine, naombea tu zisiwe zimeota ukungu. Ya mwisho ilikwaruza, ikasita, ikasoma.

Nikazima, nikawasha. Skrini ikaandika: SHIKAMOO MAMA.

"Marahaba," akasema Mama Ephrasia, kwa sauti kabisa.

Na hapo ikaganda. Hakuna siku, hakuna tarehe, hakuna UMEKULA. Nikajaribu tena. Shikamoo, marahaba, imeganda. Mara ya tatu mama akaitikia polepole zaidi, na mimi nikashindwa kumtazama usoni.

Nikaifungua programu yenyewe nisome ndani, mistari aliyoiandika Gamaliel. Nikaona tatizo mara moja. Alipoiandika, mwaka tisini na tatu, aliifanya isome mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu. Sasa imefika sifuri sifuri, inadhani hakuna mwaka, inasimama kungoja. Wote tulifanya kosa hilo. Nani kati yetu alifikiri tutafika elfu mbili?

"Nimelipata, mama. Nafuta mstari mmoja hapa, naandika mwingine, tumemaliza."

"Mstari wa nani?"

"Wa Gamaliel."

"Usiuguse."

"Mama, ni mstari mbovu."

"Mutembei, nguo zake ndugu wa ukoo waligawana. Baiskeli wakachukua. Hicho ndicho alichoniachia, kimebaki kama alivyokiandika. Usibadilishe hata neno."

Nilitaka kubisha, mimi ni mtu wa kubisha. Lakini nikayatazama yale maandishi, na kweli kabisa yalikuwa yeye. Mahali pamoja aliandika pembeni, pale ambapo kompyuta haisomi, anasoma mtu tu: *Mutembei akiona hapa atacheka*. Sikucheka. Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya kibodi, na mama akaniacha nilie.

Nilipotulia nikamwambia, "Basi kama hatugusi programu, tutaidanganya saa."

"Kudanganya?"

"Siyo kudanganya, mama. Kurudisha nyuma. Tunatafuta mwaka wa zamani ambao siku zake zinafanana na za sasa. Leo ni Jumanne tarehe kumi na nane. Mwaka tisini na nne, Januari kumi na nane ilikuwa pia Jumanne. Tukiiambia kompyuta ni tisini na nne, itakusalimu vizuri, na tarehe zako za matangazo hazitakosea. Mwaka wenyewe utaandika kwa mkono."

Kisha akaonyesha kile kisanduku kwa kidevu.

"Kwa hiyo humo ndani ni tisini na nne."

"Ndiyo, mama."

"Gamaliel yuko kwa Hemant."

"Yuko," nikasema. "Tunagombania taa."

Na mimi, wakati navibonyeza vile vitufe, tisa, nne, nilimwona Alistidia amekaa mlangoni Kibeta anachambua senene wa kukaanga, ananifokea nimechelewa. Mwaka ule alikuwa hai, mzima, mnene. Nikamalizia tarehe. Nikabonyeza.

SHIKAMOO MAMA. LEO NI JUMANNE TAREHE 18. UMEKULA?

Mama Ephrasia aliweka viganja vyote viwili mdomoni. Mimi, fundi, nikitaka tu kuhakikisha kazi yangu, nikapeleka kidole kwenye N. Akanipiga kofi la mkono, na lina nguvu kofi la mwalimu.

"Unamdanganya mtoto?"

"Najaribu tu, mama, nione kama inafungua!"

"Sijala."

Akanyoosha kidole chake mwenyewe, akabonyeza H.

BASI NENDA KALE. NAKUSUBIRI.

Akasimama. Ilibidi ashike meza kwanza, kisha ukuta, lakini alisimama. Tukaiacha mashine inaunguruma, tukafunga mlango, tukaenda kwake. Jovita, aliyerudi nami kutoka mjini na kutangulia kwake, alituona kwenye njia, akaelewa, akaleta maharage yaliyochemshwa. Mimi nikapewa kisu. Sijamenya ndizi tangu msiba wangu, nikawa namenya nene, nusu ya ndizi inaondoka na ganda, na mama amekaa kwenye mkeka ananisema.

"Hizo unazilisha nini, ng'ombe?"

"Nimezoea mkate, mama."

"Ndiyo maana una rangi ya mkate."

Alimenya mwenyewe ndizi za kujaza sungu zima. Nilimwambia tuko watatu tu, akaendelea kumenya. Akafunika kwa majani, moto ukashika, harufu ikatoka, na tumbo langu likanguruma kwa sauti mpaka Jovita akageuka kunitazama.

"Alisema amekula," mama akamwambia Jovita.

Tulikula. Alianza kwa tonge dogo, akalizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta jiwe, nikafikiri ataliacha. Akameza. Akachukua lingine. Mimi nilikula kwa aibu na kwa pupa, vyote viwili, kwa sababu chakula kilikuwa cha moto na kulikuwa na watu. Mbele yetu, katikati ya migomba, yalikuwa makaburi ya watoto wake wanne, na la Gamaliel lilikuwa bado na msalaba wa mbao. Mama alipomaliza akanawa mikono, akasema twende, anasubiri.

Tukarudi sokoni. Akakaa, akabonyeza N kwa heshima zote.

VIZURI. TUFANYE KAZI.

Kulikuwa na tangazo la msiba limekaa mezani tangu asubuhi, mtu wa Kagoma hapo hapo. Akaanza kulichapa, vidole vyake vikavu vinakimbia bila kuangalia.

Nikafunga kopo langu la biskuti. Kazi ilikuwa imekwisha na gari la kurudi Bukoba lilikuwa linapiga honi barabarani, na mimi sikuwa na haraka hata kidogo. Nikasema, kwa sauti ya kifundi:

"Mama, kuna jambo moja. Mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Ile ya tisini na nne ilikuwa na ishirini na nane. Mwezi huo ukiisha, tarehe zitapishana. Itabidi mtu aisogeze hadi tisini na tano, ndio mwaka unaofanana kuanzia Machi. Ni kazi ngumu kidogo. Nitakuja mwenyewe."

Hakuinua macho kwenye kibodi.

"Tisini na tano sawa," akasema. "Tisini na sita usiifikishe."

"Siifikishi, mama. Hata siku moja."

Nikamuaga, nikashika mlango. Honi ikalia tena.

"Mutembei."

"Naam, mama."

"Tarehe najua kubadilisha. Gamaliel alinifundisha siku ya kwanza." Akamaliza mstari wa msiba, akabonyeza nukta. "Lakini wewe njoo. Na usinidanganye tena. Uje hujala."