Pipa la Pasheni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Baba Pacha alikuwa na upara tangu ujana. Hayo ndiyo aliyoyawaza mkewe Jumamosi ile mchana, akiwa ameinama nyuma ya kaunta katika baa ya shemeji yake, akitikisa pipa lisilo na kitu ndani.

"Baba Pacha, pipa la bia ya pasheni mbona jepesi?"

"Nililimwaga," mumewe akajibu huku akifuta bilauri, tena kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. "Nilipolifungua asubuhi nikasikia harufu ya uchachu. Nikasema hii imeharibika. Sikutaka uaibike mbele za watu."

Mama Pacha akaliweka pipa chini. Miaka yote hii alikuwa akipika bia chachu, ile inayoachwa ichache kwa makusudi, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao. Chachu! Ni sawa na mtu atupe pilipili kwa sababu inawasha.

"Basi tena, mke wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakuwa maji!"

Shemeji, kaka mkubwa wa mumewe na mwenye baa, alikuwa ametoa nafasi moja tu. Wateja wake waonje. Wakiipenda, bomba moja pale kaunta litakuwa la Mama Pacha; wakiikataa, arudi akawapikie majirani na asimsumbue tena. Ndiyo maana alikuwa ameumiza kichwa kuchagua. Mgeni wa bia chachu humwanzishii kwa kali. Unampa nyepesi, yenye tunda analolijua, utamu umtangulie na uchachu umfuate polepole. Akishazoea, ndipo unamkaribisha kwa ile iliyolala mwaka mzima kwenye pipa la mbao. Sasa nyepesi ilikuwa imekwenda na mfereji, na iliyobaki ni hiyo ya mbao, ambayo hata yeye mwenyewe huinywa akiwa ameketi.

"Shemeji, watu wana kiu huku!" mwenye baa akaita.

Angefanya nini? Akapiga moyo konde, akamimina. Fundi wa magari ndiye aliyeonja wa kwanza. Jicho moja likajifumba lenyewe.

"Mama, hii ni ya kunywa au ya kuoshea injini?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Mshonaji aliyekaa naye meza moja akainuka na bilauri yake, akairudisha kaunta kwa adabu. "Imechacha hii, dada. Nibadilishie."

"Ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Inatakiwa na nani?"

Shemeji akaanza kukuna kidevu, na Mama Pacha alimjua: akikuna kidevu anatafuta maneno ya kukataa bila kuudhi. Mumewe naye akamwinamia sikioni. "Unaona? Hata hii ingefaa kumwagwa."

Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Kwa hasira hizo hizo akanyakua bilauri safi, akaijaza karibu yote kwa bia ya kawaida ya shemeji, ile laini isiyomgombeza mtu, kisha juu yake akaongeza kidogo ile kali. Akaonja. Haikuwa aliyoitaka, lakini ilikuwa na adabu.

Fundi aliipokea kwa mkono ulionyooka, kama anayepokea betri inayovuja. Akanywa, akangoja apigwe. Hakupigwa. Akanywa tena.

"Sasa hii inaongea na mtu," akasema.

Mshonaji akamaliza yake, akaomba nyingine. Meza ya jirani nayo ikataka kujua wenzao wanacheka nini. Shemeji akaacha kidevu chake.

"Haya, bomba la mwisho ni lako, shemeji. Ila hiyo ya kuoshea injini usimpe mtu peke yake."

Mama Pacha alifurahi. Lakini furaha yenyewe ilikuwa na mwiba, akashindwa kuumeza. Akachanganya bilauri moja zaidi, akamsukumia mumewe.

"Kunywa."

"Lakini si unajua mimi na vitu vichachu…"

"Kunywa, Baba Pacha."

Akanywa, akaitazama bilauri, akanywa tena. "Kumbe ni nzuri! Mbona ulinificha siku zote?"

"Nilikuficha? Kila pipa likiiva nakuletea bilauri, nawe kila mara unasema utaonja kesho. Ungeonja hata mara moja tu, leo ungeijua harufu yake."

Mumewe aliimaliza ile bia taratibu, akaiweka bilauri chini.

"Na ile niliyoimwaga? Ilikuwa nzuri kuliko hii?"

"Ile niliipika nikimlenga mtu asiyetaka uchachu hata kuusikia," mkewe akasema. "Nilikuwa nakufikiria wewe."