Sahihi ya Kumi na Tisa

Meza ya kukunjia miavuli ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, na sajenti aliyeitumia aliifuta kila asubuhi saa mbili kwa kitambaa kikavu, kutoka mlangoni kwenda dirishani, hata kama jana yake hakuna aliyeigusa. Kisha alivua pete na saa, akanawa mikono, akakagua kucha, ndipo akatandaza mwavuli wa kwanza. Mwavuli mmoja wa kurukia ulikuwa na kamba ishirini na nane. Alizihesabu kwa vidole mara mbili, na simu ikilia katikati ya hesabu alianza upya. Kazi hiyo ilimchukua dakika arobaini. Akimaliza alitia sahihi kwenye kadi ndogo ya njano, akaisukuma kwenye kijifuko kilichoshonwa begani mwa mkoba wa mwavuli, na kuuweka mkoba rafuni.

Wanajeshi wa kambi ile walikuwa wa aina mbili. Waliobeba bunduki na kuruka kutoka kwenye ndege waliitwa watu wa mbele. Wapishi, makarani, mafundi, zimamoto na sajenti huyo waliitwa watu wa nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza ni nyuma ya nini. Bwaloni kulikuwa na foleni mbili. Ya mbele ilipakuliwa kwanza mpaka ikaisha. Ya nyuma ilipata kilichobaki, mara nyingi ukoko. Watu wa mbele walimwita sajenti Mama Shuka, kwa sababu, walisema, kazi yake ni kutandika na kukunja.

Mara moja kwa mwezi, Kanali, mkuu wa kambi, aliingia stoo, akafumba macho, akagusa mkoba wowote, na mfungaji, yule aliyeukunja, alipaswa kupanda ndege na kuruka nao. Ndiyo ilikuwa desturi ya kazi. Mama Shuka alikuwa amerukia mikono yake mwenyewe mara sitini na moja. Kapteni wa watu wa mbele alikuwa ameruka mara hamsini na nne, lakini hesabu hiyo haikutajwa bwaloni.

Miongoni mwa watu wa mbele kulikuwa na kijana aliyeitwa Kipanga. Alikuwa mdogo wake Mama Shuka, tumbo moja. Mama yao alifariki kijana akiwa na miaka tisa, naye akamlea. Alimfundisha kufunga viatu, kufua, na kuomba radhi, ingawa hili la mwisho halikumkaa vizuri. Siku Kipanga alipohamishiwa kambini, alimfuata dada yake stoo na kufunga mlango.

"Dada, nakuomba kitu. Mbele ya wenzangu usiniite mdogo wangu."

"Nikuiteje?"

"Usiniite tu."

Ilimuuma, akameza. Damu ni nzito kuliko maji, lakini alijua kwamba nayo humezeka.

Jumatatu moja ilikuja taarifa kwamba Jenerali atatembelea kambi Jumatano na angependa kuona watu kumi na tisa wakiruka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na miavuli ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnara wa kukaushia. Mama Shuka alipiga hesabu akasema itakuwa tayari Ijumaa.

"Ijumaa!" alisema Kapteni. "Kwani kukunja kitambaa nako kuna shahada?"

Watu wa mbele wakaishusha miavuli wenyewe, wakaipeleka ukumbi wa mazoezi, wakaikunja sakafuni huku redio ikiimba. Kumi na tisa iliisha kwa saa moja na nusu, pamoja na wa ziada kwa ajili ya sanduku la redio ya mawasiliano. Mmoja alitumia ufagio kusukumia kitambaa. Mama Shuka alisimama mlangoni. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kipanga.

"Afande, kadi hazina sahihi," alimwambia Kapteni.

"Tunaoruka ni sisi. Sahihi yako ya nini?"

Kwenye ukuta wa stoo kulikuwa na maandishi ya rangi nyeusi, ya zamani, nusu yamefutika: HAKUNA ASKARI ATAKAYETUA KWA MWAVULI USIO NA SAHIHI YA MFUNGAJI. Kambi nzima iliyachukulia kama nasaha.

Jumatano saa nne asubuhi waliruka. Miavuli ilifunguka, bendi ikapiga, Jenerali akainua kichwa. Walishuka vizuri mpaka walipobakiza mita thelathini kufika uwanjani, na hapo wakasimama. Hawakunaswa na chochote. Walisimama tu hewani, watu kumi na tisa na sanduku moja, kama watu waliofika ofisini wakaambiwa karani katoka. Jenerali alisubiri dakika kumi, akatazama saa, akapiga saluti kuelekea juu, akaenda kula.

Zimamoto walileta gari lenye ngazi ndefu. Walijaribu kumvuta mmoja kwa mguu. Buti likatoka, mwenyewe akabaki. Walijaribu kumfungua mikanda, lakini vifungo vilikataa. Adhuhuri mpishi alikuja na sufuria akasimama chini ya ngazi.

"Kwa hiyo na hawa niwapelekee huko huko?"

Akaambiwa ndiyo. Akapanda mara kumi na tisa na mgongo wake mbovu, akiwalisha kwa kijiko kirefu, na foleni ya nyuma ikasubiri bwaloni mpaka amalize. Alipoulizwa mambo yakoje kule juu, alisema mdharau mwiba mguu huota tende, akaenda kulala.

Alhamisi asubuhi karani wa kambi alipitia vitabu vya kanuni akamwonyesha Kanali ule mstari wa ukutani. Kanali akamwita Mama Shuka.

"Panda, tia sahihi kumi na tisa, shuka. Nusu saa."

"Afande, sikuikunja mimi, wala sijaikagua. Nikitia sahihi nitakuwa nimesema uongo."

"Ni sahihi tu, Sajenti!"

"Ndiyo, afande. Ni yangu."

Kanali alimkata jicho, akamgeukia karani, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri, akamwamuru ajaribu kwanza kwenye kadi ya sanduku. Karani alipanda akaiga sahihi ya Mama Shuka, kwa kweli akaipendezesha kidogo. Sanduku likaanguka. Halikushuka, lilianguka, likatoboa paa la jiko na kutua ndani ya pipa la unga. Mpishi alitoka mweupe toka utosini mpaka miguuni, akauliza kama kuna jingine linakuja.

Watu wa mbele waliliona vizuri, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Itakuchukua muda gani?" aliuliza Kanali, kwa sauti nyingine.

"Dakika arobaini kila mmoja."

Watu wa hali ya hewa walisema upepo mkali ungefika Ijumaa saa kumi. Mama Shuka alipiga hesabu, akavua pete na saa, akanawa mikono, akapanda.

Aliwafuata kwa jinsi ngazi ilivyowafikia, aliye karibu kwanza. Kipanga, aliyeruka wa mwisho, alikuwa mbali kuliko wote, juu ya ukingo wa uwanja. Angeweza kusema aanze naye. Moyo ulimvuta, lakini hapakuwa na kanuni inayosema mdogo wa mfungaji atangulie, na isitoshe hakuna aliyejua kwamba ni mdogo wake. Kapteni alikuwa wa sita. Alidai awe wa kwanza kwa cheo.

"Ngazi haijui cheo, afande," alisema dereva wa zimamoto, na kwa kuwa ilikuwa kweli hakuna aliyemwadhibu.

Kwa kila mtu alifanya kazi ile ile. Alipanda mpaka kwenye kitambaa, akakipapasa pindo kwa pindo, akahesabu kamba mara mbili kutoka juu mpaka begani, akanyoosha kilichopinda, akafungua kilichobanwa. Nyuma ya kila kadi aliandika kosa alilolikuta na kumsomea mhusika kwa sauti, kama kanuni inavyotaka. Kwenye mmoja alikuta njiti za ufagio. Wa Kapteni ulikuwa na kamba nne zilizosokotana. "Ingeua," alimsomea, na Kapteni akasikiliza huku akitazama milima. Kisha alitia sahihi, na mtu akashuka polepole, akagusa nyasi kwa vidole vya miguu, akaketi chini akazishika nyasi kwa mikono miwili.

Mpaka Alhamisi jioni alikuwa ameshusha kumi na mmoja. Ijumaa alianza mapema, lakini wa kumi na nne alikuwa na mafundo yasiyo na adabu, akachelewa. Ilipofika saa kumi alibaki mmoja, na upepo ukaja kwa wakati wake, kama ulivyoahidi.

Ngazi ilianza kuyumba. Dereva akapaza sauti kwamba mwisho wa kanuni yake ni upepo huu, shuka, Sajenti, tutarudi kesho. Kanali naye akapiga kelele kitu ambacho upepo ulikichukua. Mama Shuka alikuwa ameshafika juu. Aliona kamba mbili zimepita juu ya kitambaa na kukigawa kati, ubavu huu na ubavu huu. Kosa hilo alilijua kutoka vitabuni tu. Mwavuli wa namna hiyo haubebi mtu, unamsindikiza.

Chini yake Kipanga alikuwa na midomo iliyopasuka na macho mekundu.

"Dada," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kambini. "Dada, tia tu sahihi. Nimechoka. Tia tu."

"Nyamaza, nahesabu."

"Upepo utakuangusha!"

"Nimefika kumi na saba. Ukiongea tena naanza upya."

Akanyamaza. Alimjua dada yake; utotoni aliwahi kurudishwa kutoka njiani mara tatu kwa ajili ya kiatu kimoja kilichofungwa vibaya. Mama Shuka alijifunga mkanda kwenye ngazi, akalala juu ya kipago cha mwisho, akaivuta kamba ya kwanza, kisha ya pili, akakirudisha kitambaa mahali pake. Ilimchukua dakika thelathini. Zilizobaki kumi alihesabu kamba ishirini na nane, kisha akazihesabu tena. Aliandika kosa nyuma ya kadi, akateremka mpaka usawa wa sikio la mdogo wake, akamsomea neno kwa neno. Kipanga alilia.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Kunja magoti ukitua," alisema yeye, akatia sahihi.

Alimtazama akienda. Upepo ulimsukuma kando ya uwanja, karibu na ghala la mafuta, lakini mwavuli ulikuwa mzima, umejaa, na alitua kwa magoti yaliyokunjwa kama alivyofundishwa. Mama Shuka akashusha pumzi ambayo alihisi ameibeba tangu Jumatatu. Alilia pale pale juu, waziwazi, akacheka katikati ya kilio, na ngazi ikiyumba hakuijali. Hajawahi kufurahi hivyo, si kabla wala baadaye. Alipofika chini, wenzake walikuwa wamemwinua Kipanga mabegani na kumpeleka bwaloni wakiimba. Kipanga aligeuka mara moja tu kumtazama dada yake.

Mwezi huo huo Jenerali alituma nishani kumi na tisa za ushupavu wa kukaa angani. Karani aliandika ripoti, akataja sababu kuwa hali ya hewa. Kadi za njano zenye makosa ziliingia kwenye droo ya Kanali, na Mama Shuka akapewa onyo la mdomo kwa kutumia ngazi wakati wa upepo. Alisema sawa, afande. Paa la jiko lilizibwa kwa turubai.

Baada ya majuma mawili kulikuwa na mruko mwingine. Watu wa mbele walipita stoo mmoja mmoja kuchukua mikoba, wakicheka.

"Mama Shuka, harakisha hizo shuka zetu!"

Aliwapa, nao wakatoka. Lakini kila mmoja alipozunguka kona ya ukuta, mahali alipodhani haonekani, alichomoa kadi, akaitazama sahihi, akaipitishia kidole gumba taratibu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kapteni aliipima mara mbili. Kipanga alikaa nayo kwa muda mrefu, akairudisha, akafunga kishikizo cha kijifuko, akahakikisha kimefungwa. Dirisha la stoo lilitazama kona hiyo, na Mama Shuka alikuwa akifuta meza.

Alisimama mlangoni walipokuwa wakishuka. Walikuwa kumi na tisa angani, na wakawa kumi na tisa chini. Alivaa pete na saa, akaenda bwaloni, akaingia foleni ya nyuma.

Kipanga alipita na sahani iliyojaa, katikati ya wenzake.

"Mama Shuka, leo tumekuachia ukoko!"

Wakacheka wote, naye kwa sauti kubwa kuliko wote. Mpishi alimtazama Mama Shuka, akakwangua sufuria, akakwangua tena, akampa. Alikwenda kukaa mahali ambapo angeweza kuiona meza ya watu wa mbele. Aliwahesabu kwa vidole chini ya meza, mara mbili. Kumi na tisa, wote wakitafuna. Ndipo akaanza kula.