Umenikata kwa Kipimo Kimoja

"Jamani, mimi nina L!" Kifungo, kama walivyomwita fundi wa meza ya vifungo, alipiga kelele, akiipeperusha karatasi yake juu ya cherehani. "Mwaka jana nilikuwa M. Kumbe nimenenepa mpaka damu!"

Karakana nzima ya sare ikaangua kicheko. Wiki iliyotangulia ofisi ilikuwa imewaleta wauguzi kuwatoa wafanyakazi damu, na asubuhi hiyo majibu yalikuwa yamegawiwa, kila mtu na bahasha yake. Pembeni mwa namba fulani palikuwa na herufi. Washonaji, ambao maisha yao yote L ni shati kubwa, walizisoma kama walivyozoea. Msichana mmoja asiye na herufi hata moja aliambiwa hana saizi, akaangalie nguo za watoto.

"Na wewe, Fundi Mkasi?"

Mama wa meza ya kukatia alivaa miwani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa hakuna sare iliyotoka pale bila kwanza kupita mikononi mwake.

"Nina L moja," alisema. "Na H moja."

"H ndiyo saizi gani tena?"

"Ya hema, shoga."

Walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko msimamizi alipoingia. Aliichukua karatasi ya Fundi Mkasi, akaisoma akiwa amesimama.

"Hizi si saizi," alisema. "L ni chini, H ni juu. Damu yako haijakaa sawa, mama. Na anayeshika kisu cha umeme cha kukatia vitambaa lazima majibu yake yawe safi. Kuanzia kesho utakaa kwenye vifungo mpaka uniletee karatasi isiyo na herufi."

Hakusema kwa ukali. Naye alikuwa ameanza kazi kwenye karakana hiyo hiyo, na mama huyo ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika chaki. Pengine ndiyo maana hakumtazama usoni.

Jioni ile Fundi Mkasi hakulia, wala hakumpigia simu dada yake, ambaye angelia kwa niaba yake. Alikaa mezani na ile karatasi kama alivyokaa na michoro mingi isiyoeleweka. Aliona kwamba mbele ya kila namba kulikuwa na nyingine mbili: kuanzia hapa, mpaka pale. Chembe nyeupe za damu: yeye 3.7, na kawaida ilianzia 4.0. Kimeng'enya cha ini: yeye 44, na kawaida iliishia 40. Alizirudia mara kadhaa. Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kuchorea ruwaza za nguo, akaandika maswali yake, moja chini ya jingine, kwa ile penseli nene ya kazini.

Daktari aliyemwendea alikuwa mwanamke kijana mwenye foleni ndefu mlangoni.

"Usiogope, mama," alisema kabla mgonjwa hajaketi vizuri.

"Siogopi, mwanangu. Sijui, na hayo ni mambo mawili tofauti." Alikunjua karatasi yake. "Swali la kwanza. Hii kuanzia na mpaka, nani aliyeipanga?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Walichukuliwa watu wengi wenye afya, wakapimwa. Wachache waliokuwa juu kabisa na wachache wa chini kabisa wakaachwa nje. Waliobaki katikati ndio wakaitwa kawaida."

"Na hao walioachwa nje walikuwa wagonjwa?"

"Hapana. Walikuwa wazima kama wenzao. Karibu mtu mmoja katika kila ishirini."

Uso wa Fundi Mkasi ukafunguka. "Basi hizi ni saizi za dukani! Mtu mwenye mikono mirefu anaingia dukani, shati linamgomea. Hana ugonjwa wa mikono. Shati halikukatwa kwa ajili yake."

Daktari alicheka kwa sauti hata aliyekuwa mlangoni akachungulia. "Nitaliiba hilo, mama. Lakini nisikudanganye. Wakati mwingine mkono umerefuka kwa sababu fulani, na kazi yangu ni kuitafuta. Ulikuwa na mafua ulipotolewa damu?"

"Makali. Na nilikuwa nakunywa vidonge vya maumivu kutwa mara tatu."

"Mafua yanaweza kushusha chembe nyeupe, na vidonge vinaweza kuipandisha namba ya ini kidogo. Inaweza kuwa hivyo, inaweza isiwe."

"Basi kwa nini tunabahatisha? Mimi mteja akija kupimwa tumbo limejaa, namrudisha kesho."

"Ndicho nilichotaka kukuambia," alisema daktari. "Tunapima tena baada ya wiki tatu, ukiwa huna mafua wala vidonge."

Wiki tatu alishona vifungo. Alivishona kama alivyofanya kila kitu, vikakaa mstari mmoja kama askari, mpaka Kifungo, mwenye meza hiyo, akalalamika kwamba anaaibishwa. Kwenye meza ya kukatia alikuwepo kijana mwingine, mwenye bidii, aliyekuwa akimtupia macho kila anapowasha kisu. Fundi Mkasi hakumwangalia. Alisikia tu mlio wa kisu, na kwa mlio huo alijua kitambaa kimelazwa kwa haraka.

Majibu mapya yalikuja. Chembe nyeupe 4.3, bila herufi. Ini 42, na H bado imesimama pale.

"Sasa?" aliuliza.

"Imeshuka," alisema daktari. "Tutaitazama tena baada ya miezi mitatu. Huenda ikaisha, huenda ndivyo ulivyoumbwa. Kwa sasa sioni cha kukuzuia kazi, na nitaandika hivyo."

Msimamizi aliisoma barua, kisha majibu, kisha kidole chake kikatua kwenye herufi.

"Mama, hii bado ipo."

"Ipo. Na miezi mitatu ijayo huenda utaiona tena, sikufichi." Aliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwingine kuchora kola. "Ungenikuta nimelaza kitambaa tabaka arobaini, nikazikata zote kwa kipimo nilichomchukua mtu mara moja tu, tena siku anayoumwa, ungeniacha niendelee?"

"Nisingekuacha."

"Wewe umenikata kwa kipimo kimoja."

Mashine zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine. Msimamizi aliisoma barua ya daktari upya, safari hii tangu mstari wa kwanza, midomo ikicheza kidogo. Kisha akasogea hatua moja kando, akamwachia njia ya kwenda meza ya kukatia.

Fundi Mkasi alipita. Yule kijana alikuwa amekwisha kuondoka mezani bila kuambiwa, na kitambaa cha bluu kilikuwa kimetandazwa, hakijaguswa na kisu. Mama aliweka viganja vyote viwili katikati, akavisukuma polepole kuelekea nje. Hewa iliyonaswa chini ilikimbia mbele ya mikono yake mpaka ukingoni, ikainua pindo kama mtu anayevuta pumzi, kisha pindo likalala.