Saa ya Mpiga Mbizi

Mimi sijui kusema uongo, na sisemi hivi kwa kujisifu. Ni ulemavu kama ulemavu mwingine. Nikijua jambo asubuhi, adhuhuri mtaa mzima wa Buyenzi unalijua. Majirani hunikimbilia wakitaka habari, na hunikimbia wakiwa na siri. Marehemu mama alikuwa akisema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikaufuata.

Kwa hiyo mtaelewa jinsi nilivyoteseka kumficha mume wangu habari ya baiskeli.

Callixte alikuwa amelala mwaka wa tatu. Guruneti ilirushwa katika baa kule Cibitoke tulikokuwa tukiishi, kipande cha chuma kikamwingia kichwani, na upande wake wote wa kushoto ukafa, mkono na mguu. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha. Akitaka kutoka nje aote jua, nilimbeba mgongoni kama mtoto. Yeye ni mtu mzima, mzito, na mimi mwenyewe sina mwili wa kujivunia.

Siku tuliyokimbia Cibitoke pia nilimbeba. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Vijana wenye mapanga walikuwa wameziba barabara, na kila mwanamume aliyekuja kwa miguu yake walimweka kando. Mimi nilikuja na wangu mgongoni, nalia mpaka kamasi zinanichuruzika. Mmoja wao akanitazama, akasema, "Huyu mumuache apite, bwana yake ameshakufa." Wale waliowekwa kando hawakuonekana tena. Tulifika Buyenzi jioni, na baada ya siku chache mtoto akatoka, hajakomaa. Mkunga aliniambia nilibeba mzigo usiobebeka. Sikujuta. Nilijiambia nimepoteza mmoja, nimeokoa mmoja.

Sasa Akilimali, mfanyabiashara wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akituletea vitenge sokoni, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile wanayotumia vilema mpakani, ya kuzungushwa kwa mkono mmoja. Alikuwa tayari kubadilishana. Hakutaka kingine ila saa ya Callixte.

Kabla ya vita Callixte alikuwa akizamia ziwani, akikamata wale samaki wadogo wa rangirangi kwa ajili ya mzungu mmoja aliyewasafirisha Ulaya. Mzungu alipokimbia, alimwachia saa yake ya kuzamia. Haikuwa saa ya kitajiri. Mwenyewe alisema ni saa ya mtu wa kazi. Lakini ilikuwa nzito, uso mweusi, alama zake zikiwaka gizani, na juu ilikuwa na pete ya kuzungusha kwa vidole. Haikuwa na betri, na haikusimama kamwe. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, embargo ikatubana na betri zikaadimika, saa za uani kwetu zote zililala, na watu wakawa wanakuja dirishani kuniuliza majira. Nilijigamba sana. Niliwaambia saa ya mume wangu haijui usingizi. Kila asubuhi nikishamwosha nilimvalisha kwenye mkono wa kushoto, ule uliokufa, kwa kuwa ndiko alikoizoea, na pia kwa kuwa nilipenda kuona kitu kinachotembea kwenye mkono ule.

Ijumaa nilimwambia mkanda umelegea, naupeleka kwa fundi. Haukuwa uongo. Mkanda ulikuwa umelegea, nilikuwa nimeulegeza mwenyewe.

Fundi Radjabu alikuwa na meza yake barazani pa duka moja la vipuri. Akilimali hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana saa za bandia zilikuwa zimejaa mjini, kwa hiyo tulikubaliana Radjabu aipime kwanza. Aliomba tumwachie hadi Jumatatu.

Jumatatu nilipofika, Akilimali alikuwa ameshafika, amekaa kwenye tairi kuukuu, anatabasamu.

"Iko nzima," Radjabu akasema. "Niliilaza mu beseni ya maji usiku yote, apana hata tone moja liliingia. Pete inazunguka upande moja tu, vile inafaa mutu wa kuzamia. Mu giza inasomeka mupaka asubuhi. Inakimbia kidogo, lakini hiyo si neno."

"Na roho yake?" Akilimali akauliza.

Radjabu akafungua mgongo wa saa, akatuonyesha kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Akaitikisa saa, kile chuma kikazunguka.

"Roho ni hii. Mukono ikitembea, hii inazunguka, inakaza chemchemi. Mukono ikilala, chemchemi inafunguka polepole mupaka saa inakufa. Ata hii kichwa ya pembeni haiwezi kuijaza, inarekebisha majira tu. Nilipoitoa mu maji Jumamosi niliiweka apa mezani, sikuigusa tena. Imekufa leo saa nne. Siku mbili nzima. Ni kusema ilikuja kwangu imeshiba." Akanigeukia. "Bwana yako ni mutu wa kazi ya nguvu, mama. Ni seremala?"

"Bwana yangu iko analala," nikasema. "Mwaka wa tatu. Na hiyo saa iko inakaa ku mukono yenye ilikufa."

Radjabu akacheka, kisha akaniona uso, akaacha.

"Basi ni we unamugeuza."

"Asubuhi na jioni."

"Iyo inaipa kutembea kidogo, kisha inakufa. Hii haikuwa na njaa, mama. Hii ilikuwa inakula kila siku."

Damu ilinipanda. Nilimwambia saa anazijua lakini adabu hana, na kwamba mtu anayeshinda katikati ya vipuri vya magari ya wizi asinifundishe mimi mwili wa mume wangu. Watu waligeuka kutazama. Radjabu aliinamisha kichwa akaanza kufunga mgongo wa saa. Akilimali, kwa kutaka kunipoza, alisema yeye ameridhika, alasiri ataileta baiskeli nyumbani. Nikaondoka bila kuaga.

Njia nzima nilibishana na fundi kichwani. Fundi anaweza kukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha Callixte. Ule mkono nilikuwa nikiuinua, nikiuachia unaanguka. Lakini nilipopita kwenye magereji nilijikuta sisikii nyundo wala kelele za vijana, nasikia maneno mawili tu, kila siku, kila siku.

Wifi yangu Concilie, dada yake Callixte, ndiye aliyekuwa akishinda naye nikiwa sokoni. Mwanamke mwema. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta nyumba imefagiwa na sombe, majani ya mhogo, imetwangwa laini ajabu, na kila mara nilimpa kipande cha sabuni kumshukuru. Siku ile, kabla ya kuingia uani, nilisikia mchi ukipiga kinu ndani ya nyumba yetu, na moyo ukanitulia kidogo. Nikasema, Concilie yuko kazini.

Concilie alikuwa amekaa mlangoni, nje, anachambua maharagwe. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ungo.

Mchi ukapiga tena, mara mbili, tatu.

Concilie aliniona akaanza kukohoa, kikohozi kikubwa cha bure, na mchi ukanyamaza. Nilimruka pale mlangoni nikaingia. Callixte alikuwa kitandani, amelala chali, mkono wa kushoto umelegea kifuani. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni. Nikaushika ule mkono nikaugeuza kiganja. Miaka mitatu nilikuwa nikiuosha kwa haraka, kwa huruma, bila kuutazama. Ulikuwa na sugu za mchi.

Nilishtuka mpaka sauti ikanipotea, mimi ambaye sauti ndiyo mali yangu pekee. Niliketi sakafuni karibu na kinu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Lisette…" Callixte akaniita.

"Tangu lini?"

"Ku hospitali," akasema. "Mbele ya kutoka."

Kabla hatujatoka hospitali, na tulitoka hospitali kabla ya kukimbia Cibitoke. Nilihesabu hivyo mara ya kwanza, nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Ile siku ya barabara ulikuwa unaweza kutembea."

"Ningetembea wangeniweka pembeni na wale wengine."

"Ungeniambia."

Concilie ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni. "Angekuambia, ungelia namna gani? Dada, we ukijua kitu, uso yako inasema mbele ya mudomo. Ile siku hawakumuangalia yeye. Waliangalia we."

"Machozi yako ndiyo ilikuwa laissez-passer yangu, karatasi ya kunipitisha," Callixte akasema. "Na kisha huku wakaanza kuchukua watu wa ronda. Nilisema nitakuambia vita ikiisha. Haiishi."

Haya yote yalikuwa kweli, na kila moja lilinichoma. Ildephonse, mkubwa wa vijana wa ronda, ile doria ya mtaa, alikuwa akipita kila alasiri kuchukua wanaume. Waliambiwa wanakwenda kulinda mtaa, wakapandishwa milimani kubeba risasi za askari, na wengine tulirudishiwa viatu tu. Nilijua. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa sauti kubwa uani kwamba wangu hawezi kusimama.

"Na mutoto?" nikauliza.

Alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Ndiyo mara ya kwanza kuiona pamoja tangu Cibitoke, na nilitamani kuivunja.

Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka mnajua. Lakini nje kulikuwa na kengele ya baiskeli na watoto wanashangilia, kisha sauti ya Akilimali ikiniita. Baiskeli ilikuwa imefika. Nyuma yake ulikuja ua mzima, na nyuma ya ua akaja Ildephonse na vijana wake wawili, bunduki begani, maana ilikuwa saa yao.

Nilitoka. Baiskeli ilikuwa nyekundu, Akilimali ameipiga rangi upya. Wanawake walikuwa wakinipongeza, huyu ananishika bega, yule ananiita mke wa mfano. Mimi nilisimama kama gogo.

Ildephonse aliizunguka baiskeli, akabonyeza tairi, kisha akaiona saa mkononi mwa Akilimali.

"Hii si ya Callixte?"

"Tumebadilishana," Akilimali akasema kwa furaha.

"Betri yake mutaitoa wapi na hii embargo?"

"Haina betri, chef. Inakula mwendo wa mukono. Ukiilaza chini siku mbili, inakufa. Fundi ametuonyesha."

Nilimwona Ildephonse akifikiri. Hakuwa mjinga. Alikuwa amewahi kuja dirishani kwetu kuuliza saa, kama wengine. Alitazama mlango wetu, akatazama saa.

"Sasa kwa Callixte," akauliza polepole, "ilikuwa inakula nini?"

Akilimali naye ndipo alipoelewa alichosema. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno la kweli, na nusu yangu ilikuwa inalitaka litoke. Nililisikia kwenye ulimi. Nilimfikiria mtoto wangu. Nikafikiria na vile viatu vilivyorudishwa.

"Ilikuwa inakula kwangu," nikasema. "Mi ndo naivaa ku soko kila siku. Nikirudi namuvalisha yeye, asione kama nimemunyanganya kila kitu."

Ulitoka laini, uongo ule, bila kukwama popote. Hata sasa unanishangaza.

Ildephonse akamgeukia Akilimali.

"Ndiyo, chef," Akilimali akasema, macho yake chini. "Ata kwa fundi alisema vile."

Ildephonse akanitazama usoni kwa muda, ule uso ambao husema kabla ya mdomo. Sijui aliona nini. Huzuni ilikuwapo, na ilikuwa ya kweli, huenda ilimtosha.

"Haya," akasema. "Mupandishe bwana yako, tumuone."

Nikaingia ndani. Callixte alikuwa amesikia kila kitu. Nikamgeuzia mgongo nikainama kitandani, kama siku zote, naye akapanda. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na niliogopa wasije wakamuua. Nilisimama naye. Nikatoka naye juani, mbele ya watu wote, na uzito wake ulikuwa ule ule wa siku zote.

Katikati ya ua nikahisi mkono wake wa kushoto ukinikumbatia shingoni, polepole, vidole vikinibana kwa shukrani au kwa kuomba msamaha.

"Legeza mukono," nikamnong'oneza.

Akaulegeza, ukaning'inia. Nikamkalisha kwenye baiskeli, nikaupanga mguu wake wa kushoto vizuri mahali pake. Watu wakapiga makofi, mimi nikaanza kulia, na Ildephonse akavua kofia.