Pikipiki Ikiwa Baridi

Kila asubuhi, kabla mume wangu hajapiga kiki, nilikuwa nagonga mlango wa Baba kwa kiganja. Maana yake: Baba, inakuja. Pikipiki ilikohoa, ikanyamaza, halafu ikapasuka paa! kama bunduki, na kule chumbani nikasikia kitanda kikikwaruza sakafu.

Baba ni babamkwe wangu. Alikuja kwetu na shati alilovaa tu, baada ya watu wenye silaha kuingia nyumbani kwake alfajiri. Alijificha chini ya kitanda na kitindamimba wake, akamziba mdomo asilie. Watu walipoondoka, aliyetoka pale chini akiwa hai ni yeye peke yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi ya hapo.

Jua likishapanda alikuwa mtu mwingine. Alichambua mchele, alikunja nepi, alimbeba binti yangu akimwambia, "Mashavu haya, mjukuu wangu, yana vyumba vya kupangisha." Mtoto alicheka hata kabla ya kuchekeshwa.

Mwanzoni mume wangu aliisukuma pikipiki hadi kona ndipo aiwashe. Mlio ulifika vilevile, tena ulimkuta Baba ameshika kikombe cha chai ya moto. Ndipo tukaanza kugonga. Tuliona afadhali ajue.

Asubuhi moja binti yangu alitambaa akaingia kwa babu yake, mimi nikiwa jikoni. Nilidhani mtoto bado amelala. Niligonga, pikipiki ikalia, nikangoja kilio cha mtoto, maana mlio ule ulimwamsha kila siku. Kilio hakikuja. Nilisukuma mlango, nikalala kifudifudi sakafuni, nikachungulia chini ya kitanda. Baba alikuwa amemkumbatia kule ukutani, kiganja chake kimemfunika mdomo na pua.

"Shh," aliniambia. "Wako mlangoni."

Nilikibandua kiganja kile kidole kimoja kimoja. Mwanangu alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Dada mkubwa wa mume wangu alikuja jioni ile ile.

"Yule ni baba yangu, sijaokotwa," alisema. "Lakini wewe unangoja nini, sanda? Jumamosi nakuja na gari. Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili."

"Wifi, tatizo si Baba. Ni pikipiki."

"Kumbe pikipiki ndiyo iliyomziba mtoto mdomo?"

"Ikiacha kulia je?"

Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi. "Ikiacha, nami nikamwona kwa macho yangu ametulia, abaki."

Mume wangu alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mara nyingi. Kila mara fundi aliizungusha mtaani na kurudi akitabasamu: "Inaimba hii, ndugu yangu. Labda inakuonea wewe tu."

"Unampelekea wakati gani?" nilimuuliza.

"Nikipata upenyo. Mchana."

"Mchana injini ina moto. Mgonjwa wa homa za usiku ukimpeleka kwa daktari mchana, anacheka, atatibiwa nini? Fundi ndiye aje huku asubuhi."

Fundi alikuja Ijumaa amevaa koti, uso umevimba kwa usingizi. "Shemeji, nami nikiamshwa hivi napasuka." Aliigusa injini, baridi kama jiwe. Nikagonga kwa Baba. Mume wangu akapiga kiki. Paa!

"Eh!" Fundi aliruka nyuma. "Hii si pikipiki, huu ni ugomvi."

Alichomoa plagi, akaigeuza mwangani. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. "Inakunywa hewa nyingi, mafuta kiduchu. Ikiwa baridi inataka kinyume chake. Niletee maji ya sabuni."

Nilimletea kwenye sirinji ya kumpimia mtoto dawa. Pikipiki iliwashwa tena, ikawa inatetemeka na kukohoa. Fundi alirusha maji kidogo kidogo kuzunguka ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Upande wa chini maji yalifyonzwa ndani, na mlio ukayumba.

"Mwizi huyu hapa." Aliufungua mpira, akaukunja, nami nikauona ufa. "Ukipoa unaachama. Ukipata moto unavimba, ufa unajiziba. Ndiyo maana akifika kwangu anajifanya mtakatifu."

Alifunga mpira mpya, akazibua na tundu dogo la mafuta kwenye kabureta kwa unywele wa brashi. "Iacheni ilale. Mtihani wake ni kesho, ikiwa baridi."

Jumamosi wifi alifika mapema, akasimama uani mikono kifuani. Gari lilikuwa mlangoni. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni. Niligonga mlango wa Baba kama kawaida, mume wangu akavuta choki ya kabureta, akapiga kiki.

Ikawaka, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mume wangu alicheka peke yake, halafu akajifuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Haya," wifi alisema. "Umenishinda."

Nilikimbilia chumbani. "Baba! Imepona! Toka unywe chai."

Alikuwa chini ya kitanda, ameziba masikio.

"Rudi, mwanangu. Bado hawajapiga risasi."

"Haipigi tena, Baba. Imetengenezwa."

"Wamegonga," alisema. "Nimewasikia. Wakishagonga hawaondoki bila kupiga."

Nilikitazama kiganja changu.

Tulimbembeleza. Mume wangu alizima na kuwasha, akazima na kuwasha, akimwita asikilize mwenyewe jinsi isivyopasuka tena, na kila ilipotulia Baba alizidi kujikunja. Chai iliota utando. Mkojo ulianza kutiririka taratibu kutoka chini ya kitanda. Kisha alinyoosha mkono kuelekea mgongoni kwangu.

"Nipe mtoto nimfiche."

Wifi alisikia. Safari hii hakunifokea. "Umejitahidi, mke wa mdogo wangu. Mungu anaona."

"Nipe siku moja tu, wifi. Kesho sigongi."

"Na kesho asipotoka? Huyu wa mgongoni utamweka wapi?"

Mikono yangu ilikuwa imeshaufungua mtandio, imeshamvuta binti yangu mbele, imemkaza kifuani. Wifi aliiona, akainama kushika miguu ya baba yake.

Mume wangu alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Baba hakupiga kelele. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na juu ya viganja macho yake yalinitafuta, yakamtafuta na mtoto.

Gari lilipoondoka nilichukua ndoo, nikapiga deki chumba chake, nikatandika kitanda upya. Mume wangu alibaki ameegemea mlango.

"Unatandika nini sasa?"

"Atarudi. Kesho tukamwone. Pikipiki tuiache mbali, tutembee." Nilinyoosha shuka pembeni. "Na tukifika pale mlangoni tusigonge. Tupige hodi kwa mdomo, tangu nje kabisa, ajue ni sisi."