Moto wa Zizini

Ko. Ko. Ko.

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia fundo la kidole likigonga kitu nyuma ya ukuta wa bati, likatulia, likagonga kingine. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa Nafiso, amechuchumaa gizani, akipima mikate yetu mmoja mmoja. Uliokauka hujibu kama mlango wa mbao. Ulio na maji ndani hunyamaza. Mitatu ya kwanza ilijibu. Wa nne ukanyamaza. Wa tano ukajibu, nami nikamsikia akishusha pumzi. Ilikuwa Jumamosi, na lori lilikuwa njiani.

Mikate hiyo haikuwa ya kuliwa. Ilikuwa mavi ya ng'ombe na ya mbuzi. Nimezeeka sasa, na katika yote niliyowahi kukanda kwa mikono hii, hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi.

Mwaka huo, 1966, mume wangu Justus alikuwa msaidizi wa daktari katika zahanati ndogo ya bati, mbali kidogo na Garissa, karibu na Mto Tana. Tulikuwa tumetoka Machakos. Ulikuwa wakati wa vita, vile ambavyo sisi watu wa bara tuliviita vya shifta, na wenyeji walikuwa na jina lao. Wafugaji walikuwa wamekusanywa pamoja na mifugo waliyobaki nayo, wakatiwa ndani ya ua wa seng'enge, lango moja, askari langoni. Mimi nilikuwa na kibali cha kutoka. Nafiso, jirani yangu, hakuwa nacho. Mumewe Hared hakuwapo, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Wanawake walikuwa wakitolewa mara mbili kwa wiki kwenda kutafuta kuni, wakisindikizwa. Kisha siku moja milio ya bunduki ikasikika vichakani. Walikuwa wamekwenda wawili, akarudi mmoja. Tangu siku hiyo lango likafungwa, na hakuna aliyetoka tena kwa ajili ya kuni.

Wiki hiyohiyo Lul, binti ya Nafiso, mtoto wa miaka mitatu, akaanza kuharisha. Justus alimtazama macho, akambana ngozi ya tumbo, akaiona inavyochelewa kurudi.

"Maji yaliyochemka," alisema. "Kidogo kidogo, mchana kutwa, usiku kucha. Ya mto hivi hivi yatamuua."

Tulichoma kiti chetu. Tulichoma masanduku ya dawa. Vilipokwisha, nilimwona Nafiso akichomoa ufito mmoja wa nyumba yake. Nyumba za wafugaji husimama juu ya fito zilizokunjwa kama upinde, na zile mama yake alizikunja mwenyewe kwa ajili ya arusi yake. Aliuvunja gotini, akaupitisha kwangu. Kesho yake akachomoa mwingine. Upande mmoja wa nyumba ukaanza kulala kama ngamia anayepiga magoti.

Na wakati wote huo, nyuma ya zizi, lundo la mavi lilikuwa limepita kimo cha mtu. Mifugo haikuwa ikihama tena, kwa hiyo uchafu wake nao haukuhama. Nzi walikuwa wengi hata ukifungua mdomo kusalimia unawameza.

Jumanne askari wa langoni, Ndirangu, kijana wa Nyeri aliyejifunga leso puani, alikuja na habari.

"Mama, furahini. Bwana mkubwa ameagiza lori. Jumamosi lundo lote linazolewa, linatupwa huko mbali."

Niliangalia lile lundo. Niliangalia ile nyumba iliyopiga magoti. Nikachukua karai.

Kwetu Ukambani, mavi ya ng'ombe ni kazi ya mwanamke. Tunakandikia sakafu. Nilifanya kama mama alivyonifundisha: udongo kiasi, majivu mengi ili yasipasuke, maji, kisha unakanda mpaka mikono inachoka. Nafiso alikanda pamoja nami siku nzima, Lul mgongoni, hakusema kitu. Tukaianika. Jua la kule halibembelezi. Kufikia Alhamisi asubuhi mikate ilikuwa migumu kama mawe.

Niliwasha. Ikatoa moshi mwembamba. Ikawa nyeusi nje. Ikazima.

Nikawasha tena, na tena, mpaka kiberiti kikabaki njiti tatu. Nafiso aliokota mkate mmoja, akaugonga kwenye jiwe kwa nguvu. Haukuvunjika. Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu mtoto augue, akacheka mpaka akakaa chini.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, "hii tutajenga nayo msikiti. Chai haipiki."

"Uliona tangu juzi kwamba haitashika moto?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe bibi ya daktari. Nikasema, labda Wakamba iko na dawa yao."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa amekanda siku nzima, mtoto wake anakauka mgongoni, kwa sababu ya kuniheshimu tu. Nikamwambia, "Basi leo mimi ndiye mwanafunzi."

Akanifundisha. Udongo hapana, majivu hapana. Kwenye kambi za ngamia walikuwa wakichoma mavi makavu kufukuza nzi, lakini huo ni moto wa moshi, haupandi. Ili upande unahitaji kitu cha kuuinua. Akaleta mabaki ya majani ya mkoma, yale yanayokatwa pembeni mkeka unapokwisha kusukwa, ambayo kila nyumba ilikuwa ikiyatupa. Mimi nikafagia chenga za mkaa kutoka kila jiko lililokuwa limekufa. Tukaponda vinyesi vya mbuzi, tukachanganya. Alitandaza mkate kwa kiganja, mwembamba, akiuzungusha kama anjera, chapati yao ya maji, kisha pa, akaubandika kwenye ukuta wa bati wa zahanati, mahali palipo moto kuliko kikaango.

Justus alirudi akaukuta ukuta wake.

"Katunge. Hii ni zahanati."

"Ndiyo maana," nilimjibu.

Akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini, akakunja mikono ya shati.

Jioni Ndirangu alikuja na debe tupu la mafuta ya taa. Alikuwa ametusikiliza mchana kutwa kutoka langoni kwake. Alisema moto wa namna hiyo hautapumua kwenye mafiga matatu, kwamba nyanya yake alikuwa na jiko la debe. Akatazama huku na huku, akachomoa singe ya bunduki yake, akalitoboa debe kuzunguka chini, matundu kumi na zaidi, taratibu kama mtu anayetoga masikio ya mtoto. Nimeishi miaka mingi na sijaona tena singe ikifanya kazi hiyo.

Ijumaa Lul hakufumbua macho. Nafiso alichoma ufito wa mwisho ambao nyumba ingeweza kuukosa bila kuanguka. Maji yake yalitoka vikombe vitatu. Tukakaa tukiutazama ukuta, na jua, kama watu wanaosubiri mgeni.

Na Jumamosi, kabla ya adhana, ko, ko, ko.

Tulijaza ile iliyojibu ndani ya debe. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo. Ya mwisho nikaikinga kwa kanga. Moshi ulipanda, mzito, wa njano, ukatutoa machozi. Kisha majani ya mkoma yakashika, na katika yale matundu ya singe nikaona wekundu ukizunguka, tundu baada ya tundu. Tulisubiri mpaka kifuniko cha sufuria kikaanza kutetemeka.

Lul alikunywa kijiko. Akakunywa cha pili. Jua lilipochomoza alikuwa amekishika kikombe mwenyewe, anakivuta kwangu kwa hasira kwa sababu nilikuwa nikimcheleweshea.

Lori lilifika saa tatu. Bwana mkubwa alishuka, wanaume wenye makoleo nyuma yake, akasimama mbele ya debe.

"Moto wa nini huu?"

Nilimwambia. Nilimwonyesha mtoto. Nilimwambia akizoa lundo lile atakuwa amezoa kuni za ua mzima. Alisikiliza akiwa ameyakazia macho yale matundu. Mtu yeyote aliyeshika bunduki angejua yametobolewa na nini. Ndirangu alikuwa amesimama langoni, wima, rangi imemtoka usoni.

Bwana mkubwa hakuuliza. Alimgeukia dereva akasema, "Nenda kazoe mchanga."

Baada ya mwezi, kila nyumba ilikuwa na debe lake. Nzi walipungua, na wagonjwa wa Justus pia. Lundo likaisha kabisa, wanawake wakaanza kugombana zizini asubuhi: "Huyo ng'ombe wangu, na mavi yake yangu." Nafiso alikuwa hakimu.

Mwaka jana mjukuu wangu Munyao, anayefanya kazi ya gesi ya samadi karibu na soko la mifugo la Garissa, alinipeleka nikaone. Nafiso anakaa mjini siku hizi, kwa Lul, ambaye mwenyewe ana wajukuu. Tulikwenda pamoja, wazee wawili wenye fimbo. Munyao alitueleza polepole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua, kwamba uchafu wa soko unaingia huku, gesi inatoka kule. Akawasha jiko. Moto ulikuwa wa buluu, hauna moshi hata kidogo.

Nafiso alinigusa kwa kiwiko. Kisha akalisogelea lile tangi, akainama, akaligonga kwa fundo la kidole, akasikiliza.

"Iko ndani," alisema.

Lul alitupikia chai nyumbani. Nilipoinuka kwenda, Nafiso alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama.

"Uje tena, abaayo," aliniambia. "Uje ulale. Ukiamka alfajiri, utanisikia."